Tone Moja, Jicho Moja

Kuomba chuo kimoja ni shilingi elfu kumi.
Chanjo ya mdondo ni shilingi mia kwa kuku.
Hesabu hiyo haihitaji stashahada:
chuo kimoja ni kuku mia,
na Vinghawe nzima, hata nikihesabu vifaranga vya mwalimu Chiduo,
haina kuku mia tatu walio tayari kukamatwa.

Basi natoka kabla ya jua na kasha la barafu,
kabla kuku hawajafunguliwa wakatawanyika.
Namshika mmoja, namlaza shavu juu,
tone moja, jicho moja,
nasubiri apepese.
Asipopepesa hujamchanja, umemlowesha tu.
Hilo nilifundishwa Mpwapwa, mwaka wa kwanza,
na ndilo jambo pekee nililolikumbuka neno kwa neno
siku ya mtihani.

Sitini kwa mama Mbeleje. Alilipia hamsini,
kumi akasema nimehesabu jogoo mara mbili.
Arobaini na mmoja, Mazae.
Gulwe, kando ya reli, kuku wana mbio kuliko treni:
huko niliambulia ishirini, na goti lililochubuka.

Jioni, kiti cha plastiki, dukani kwa Ndahani,
mashine ya fotokopi inanipumulia joto mgongoni.
Skrini inasema: Chagua.
Haisemi ukichagua unaacha nini.

Mwanafunzi mwenzangu Lechipya ameomba Mwanza
kwa sababu Lutego ameomba Mwanza,
na Lutego aliona picha ya wanafunzi
wamekaa kwenye majani mabichi, wanacheka.
Majani mabichi! Mtu wa Kibakwe umtegee nini kingine?

Dodoma ni karibu. Dodoma ningerudi Ijumaa,
nikafua, nikabeba karanga za wiki nzima.
Wana kozi inayofanana na ninayoitaka
kama binamu anavyofanana na ndugu:
ukimwona kwa mbali unamwita, akigeuka unaomba radhi.

Morogoro ni udaktari wa mifugo. Miaka mitano.
Nilimtamkia mama hiyo "mitano" kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja deni.
Aliendelea kuchambua mlenda.
"Na ile miwili ya Mpwapwa, ililiwa na panya?"
Haikuliwa, mama. Ile ndiyo iliyonifikisha mlangoni.
"Mlangoni," akasema.
"Miaka miwili, mtu anatembea kwenda mlangoni."

Wastani wangu ni tatu nukta nne.
Mwalimu wa taaluma aliutazama, akautazama tena,
akasema ni mzuri, ila usiombe chuo kimoja.
Nukta yenyewe ndogo, kama tone,
na sijui itaangukia jicho la nani.

Kuku mia na kumi na mmoja.
Ndahani anachukua elfu moja ya kunijazia fomu,
ingawa ninajaza mwenyewe na yeye anakula muwa.
Inabaki chuo kimoja na kuku mmoja.

Nilikuwa nimeshaandika Dodoma.
Herufi sita. Nilizifuta moja moja, kutoka nyuma,
nikabaki na D, nikaitazama kidogo,
nayo nikaifuta.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka.
Mtandao wa Mpwapwa, saa mbili usiku, watu wote wanatazama mpira.
Nikasubiri kipepese.

Dirisha linafungwa kesho usiku wa manane.
Chunyu sijafika. Chunyu wanasema kuna kuku,
ila wanalala juu ya miti.

Mama alikuwa macho niliporudi.
Hakuuliza nimechagua wapi.
Aliweka shilingi mia tisa juu ya kigoda, zote sarafu.
"Wangu ni tisa. Mwaka wa tatu huu unawachanja bure."
Nikawasha tochi, nikaanza na walio karibu.
Wa mwisho alikuwa jogoo, yule chongo,
akageuza shingo kunitafuta.

Mama akauliza kama huyo naye analipa kamili.
Nikamwambia analipa kamili.
Jicho moja linatosha.